Kororo ni kanga, au watu wa Mvita tumejichanganya?

#1 MtotoWaKibokoni
Salaam wadau. Nina swali, mnisaidie kabla sijakosana na mkwe wangu.

Jumapili nilimpeleka mzee, babake mke wangu, kutembea Shimba Hills. Tumepita lango, hata kilomita mbili hatujamaliza, ndege kama kumi na wawili wakatokea njiani. Weusi, vitone vyeupe vya kuelekea buluu mwili mzima, ukubwa wa mtetea aliyeshiba. Sasa kichwani, wallahi, nywele! Manyoya meusi yamejikunja kama kichwa cha mtoto aliyeamshwa kwenda chuoni. Kuzunguka jicho pekundu, shingo ina ubuluu. Walikuwa wakichakura majani makavu. Gari nyuma yetu ikapiga honi, wote wakapaa juu ya mti kwa kishindo kama mtu akung'uta busati.

Mzee akasema, "Hao ni kanga madume, majike hawana nywele." Askari wa mbuga akamjibu, "Hapana mzee, hawa si kanga, ni kororo." Mzee akanuna mpaka feri ya Likoni.

Haya: kororo ni dume la kanga, ni aina ya kanga, au ni ndege mwingine mbali? Na kanga mwenyewe ni kuku?

#2 PwaguWaMtongwe
Picha iko wapi? Bila picha hii ni chai.

#3 MtotoWaKibokoni
Simu alikuwa nayo mzee. Amepiga nane, zote za kidole chake.

#4 MdigoWaMatuga
Askari yuko sawa. Mimi nimezaliwa chini ya milima hiyo, kororo twawajua tangu tukiwa wadogo wa kutumwa kuni. Kanga ni wa nyika na mashamba, hupenda mahali peupe. Kororo ni wa msitu uliofunga. Kanga kichwani ana upara, pembe ya mfupa, na ndevu mbili zinaning'inia mdomoni. Kororo hana pembe, ana shungi. Na hilo shungi analo dume analo jike. Kwa hiyo maneno ya mzee yafutwe, kwa heshima zote.

#5 MwalimuMstaafu
Wanangu, mambo haya yana mpangilio. Kisayansi kanga na kororo wako familia moja na kuku, Phasianidae, pamoja na kwale, tombo, tausi na bata mzinga. Kanga ni *Numida meleagris*, kororo ni *Guttera pucherani*. Majina yote mawili alitoa Linnaeus mwaka 1758. Jibu fupi: hao ni kuku wa msituni.

#6 DarubiniMbovu
Shikamoo Mwalimu. Naomba nirekebishe mawili.

Linnaeus 1758 alimwandika kanga peke yake, na alimweka kundi moja na ndege wa kina *Phasianus*, akamwita *Phasianus meleagris*. Jenasi *Numida* imekuja baadaye, 1764. Kororo wetu hakumjua. Huyu aliandikwa na Gustav Hartlaub, Mjerumani wa Bremen, 1861, akampa jina la Jacques Pucheran, mtaalamu wa wanyama Mfaransa.

La pili, kanga na kororo wana familia yao wenyewe, Numididae. Oda ndiyo moja na kuku, Galliformes. Ukiufuata ukoo kwa vinasaba, wa kwanza kujitenga ni wale ndege wa Australia na visiwa vya huko wanaofukia mayai yao kwenye vichuguu vya majani. Kisha Cracidae wa Amerika, ambao wengi wao huishi mitini. Halafu kina kanga. Wanafuata tombo wa Amerika, na mwisho ndiyo familia ya kuku. Maana yake kuku ni ndugu wa karibu wa tausi na wa kwale kuliko wa kanga, hata kama kanga na kuku twawafuga ua mmoja.

#7 MwalimuMstaafu
Marahaba. Nimefundisha miaka 22 na vitabu vyangu vyote vilisema Phasianidae.

#8 DarubiniMbovu
Na havikusema uongo, Mwalimu. Walikuwa wakihesabiwa familia ndogo ndani ya Phasianidae. Ni kama tarafa iliyopandishwa ikawa wilaya: watu ni wale wale, bango ndilo lilibadilishwa.

#9 PwaguWaMtongwe
Kwa hiyo Linnaeus kakosea, mwalimu kakosea, mkwe kakosea. Mzee ana wenzake wazuri.

#10 BiKanga_Bamburi
Mimi sijui Kilatini lakini kanga nawafuga, basi niseme ninayoyaona.

Methali ya "kanga hazai ugenini" mwaisema kama mapambo tu, mimi imenitia hasara. Nilinunua sita, wakubwa, kutoka kwa mtu wa Kilifi. Siku ya kwanza nimewafungulia asubuhi, jioni banda tupu. Nawatafuta na tochi, kumbe wako juu ya mkilifi wote sita, wamejipanga kwenye tawi moja kama wazee barazani. Banda la elfu nane limekuwa la kuku. Miezi mitatu hakuna yai. Nikasema methali ya kweli hiyo. Siku moja jirani ananiita uani, "Bi mkubwa, njoo utazame." Chini ya kichaka chake, mayai kumi na matano, ganda gumu kama kikombe. Wamekwenda kutaga ugenini kwa ugenini!

Nikamwekea kuku wangu mmoja mpole ayaatamie. Kuku siku zake ni 21, ya kanga yataka kama 27. Kuanzia siku ya 22 yule kuku alikuwa akinitazama kama nimemdhulumu. Lakini hakuondoka, masikini. Walitoka kumi na mmoja. Wiki ya kwanza mvua ya rasharasha ikawalowesha, wanne wakafa asubuhi moja. Kifaranga cha kanga na unyevu havipatani kabisa. Akikua, hata mvua ya masika anaidharau.

Na kujua jike na dume, acheni kutafuta nywele. Sikilizeni. Jike ana mlio wa silabi mbili, "ka-NGA, ka-NGA", kutwa nzima. Dume hilo la mbili halijui, yeye hupiga moja moja kwa haraka.

#11 Nyota_ya_Tudor
Bi mkubwa umenichekesha na huyo kuku. Na hapo umetupa maana ya jina bila kutaka: kanga kaitwa kanga kwa sababu jike hujitaja.

#12 AmiWaMakadara
Hapana mwanangu. Jina ni la Kibantu na ni la zamani kuliko mji huu. Wachewa husema nkhanga, Washona husema hanga. Hao wote hawakuja Bamburi kusikiliza kuku wa Bi mkubwa.

#13 Nyota_ya_Tudor
Ami, kanga wa Washona halii? Huko nako hujitaja vilevile.

#14 MtotoWaKibokoni
Tusitoke njiani. Bi mkubwa, kuna mtu aliniambia jogoo na kanga wanaweza kuzaana. Kweli?

#15 BiKanga_Bamburi
Ninaye mmoja. Jogoo wangu alikuwa hachagui. Mtoto hana upanga wa jogoo, hana pembe ya kanga, shingo ndefu tupu, manyoya yana michirizi kama yamefuliwa vibaya. Mwaka wa pili huu, hajataga wala hajawika. Wajukuu wangu wamuita Sijui.

#16 MwalimuMstaafu
Basi! Wakizaana ni familia moja. Nilisema mimi.

#17 DarubiniMbovu
Mwalimu, punda na farasi huzaa baghala, naye baghala hazai. Sijui ndiyo baghala ya ndege, wanajulikana na ni wagumba. Kuzaa mtoto mgumba kwathibitisha ujirani tu, familia ni kesi nyingine.

#18 MwalimuMstaafu
Punda na farasi ni familia moja, kijana. Umejifunga goli mwenyewe.

#19 DarubiniMbovu
Hapo umenipata. Lakini ndege wana tabia hiyo ya kuvuka mipaka kuliko wanyama, kwa hiyo kipimo cha kuzaana peke yake kwao hakitoshi. Wanaopanga siku hizi hutazama vinasaba, mifupa, sauti, rangi, vyote kwa pamoja.

#20 WaHolaDaima
Mnagombania wawili, sisi tunaye wa tatu. Huku kwetu kwenye ukavu yuko kanga mwenye kichwa cha tai: upara mtupu, kola ya manyoya ya kahawia kisogoni, jicho jekundu, kifua buluu ya kung'aa kama hariri, na manyoya marefu yenye mistari myeupe yanashuka shingoni. Ni mkubwa kuliko wa kwenu na mkia wake mrefu. Huishi siku nyingi bila kuona maji. Watalii hufunga breki kwa huyu. Kororo wenu na nywele zake asimame pembeni.

#21 DarubiniMbovu
*Acryllium vulturinum*. Uzuri ninakubali, ila sifa yake hasa ni akili ya kukaa na watu. Watafiti waliowafuatilia Mpala, Laikipia, walitoa matokeo 2019: vikundi vyao vina wanachama wanaojulikana, na kila kikundi kina vikundi rafiki maalumu ambavyo hukutana navyo na kulala pamoja, kisha kila mtu hurudi kwao. Jambo hilo lilidhaniwa ni la wanyama wenye ubongo mkubwa, kama tembo na nyani.

#22 PwaguWaMtongwe
Yaani mitaa na vyama. Wana mwenyekiti pia?

#23 MtotoWaKibokoni
Jumla wako wangapi basi? Nataka nikamweleze mzee kwa hesabu.

#24 DarubiniMbovu
Hapo ndipo penye ugomvi wenyewe. Ilikuwa sita: kanga wa pembe, huyo wa Hola, wawili wa misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati wasio na vitone hivi (*Agelastes*), mmoja wa misitu ya Kongo mwenye shungi lililosimama wima kama brashi (*Guttera plumifera*), na kororo.

Sasa orodha za karibuni zimempasua kororo mara tatu: wa magharibi *verreauxi*, wa kusini *edouardi*, na wa mashariki, ambaye ndiye wetu, amebaki na jina *pucherani*. Ndiyo sababu hesabu ikafika nane. Wetu utamjua kwa huo wekundu usoni aliouona mtoa uzi, na vitone vyake hupanda mpaka shingoni. Yule wa kusini hana wekundu huo, na chini ya shingo ana mkanda mweusi usio na vitone, kama kavaa kola.

#25 SalumWaLindi
Naingia kutoka upande wa pili wa mpaka. Kororo wa kwetu Lindi uso wake ni wa buluu ya kijivujivu, wekundu hauna habari. Nilipotembelea Diani nikaona mwekundu nikadhani ni mgonjwa. Kumbe ni spishi nyingine? Sisi wote twamwita kororo na hatujawahi kugombana.

#26 MdigoWaMatuga
Hao wa kwenu ndio wagonjwa.

#27 MwalimuMstaafu
Hapa ndipo nisipowaelewa hawa wataalamu. Mtu wa Lamu na mtu wa Lindi nyuso hazifanani, mmewaita spishi mbili? Rangi ya ngozi ya uso! Kesho watasema kanga wa Bi mkubwa wa mkilifi ni spishi ya nne.

#28 DarubiniMbovu
Si ngozi tu, na kusema kweli hata wao hawajakubaliana wote. Wengine husema ni ndege mmoja mwenye sura za kimaeneo, wengine husema ukiwa na uso tofauti, shingo tofauti na jicho tofauti, na kila mmoja ana nchi yake, hao si wamoja tena. Mimi binafsi naelemea kuwagawa. Ndege anayeishi kwenye giza la msitu humtambua mwenziwe usoni. Akiwa na uso mwingine, hamtaki.

#29 Nyota_ya_Tudor
Umewauliza?

#30 MdigoWaMatuga
Niwape kitu ambacho nimekiona kwa macho, si cha orodha. Ukitaka kororo usimfuate kororo, mfuate kima. Kima wakiwa juu kwenye mkuyu wanakula, wao hung'ata tunda mara moja, hutupa. Ni watu wa israfu. Tazama chini: kororo wako pale pale wanaokota. Kima wakihama mti, kororo nao wanahama, wanakimbia chini kwa chini. Mwanzo nilidhani bahati. Nikiwa na babu kwenye njia ya kwenda kayani, nimeona kikundi kimoja kikiwafuata kima asubuhi nzima. Na kima akipiga kelele ya hatari, kororo wote juu mtini bila kuuliza. Babu alikuwa akisema kororo ni watumwa wa kima. Mimi naona kima ndiye mtumwa, maana yeye ndiye anayepanda.

#31 WaHolaDaima
Hii nzuri. Hata mavi ya kima nasikia huchakura.

#32 MdigoWaMatuga
Ndiyo, lakini kuna watu wanakula saa hizi.

#33 BiKanga_Bamburi
Sasa mnieleze hilo shungi ni la nini. Kanga wangu ana upara, kororo ana nywele, na wewe wasema ni ndugu.

#34 DarubiniMbovu
Upara wa kanga una kazi. Yuko juani kutwa, na ngozi tupu ya kichwa na shingo humsaidia kutoa joto, ubongo usichemke. Kororo yuko kivulini, hana haja.

#35 WaHolaDaima
Hiyo yaeleza kwa nini anaweza kuwa na nywele, haielezi kwa nini anazo. Mimi nasema ni za kujilinda na miiba anapoingiza kichwa vichakani.

#36 SalumWaLindi
Kwetu wazee husema ni za kuvunja umbo, ukimtazama kichwani huoni kichwa, waona kivuli. Mwewe hajui aanzie wapi.

#37 Nyota_ya_Tudor
Ni za urembo jamani. Kwani lazima kila kitu kiwe na kazi? Kama ni kumvutia jike mbona jike naye anazo, basi wanavutiana.

#38 PwaguWaMtongwe
Kanga alikuwa nazo, akaoa mapema.

#39 AmiWaMakadara
Hakuna aliyetaja leso hapa, nami nilikuwa nangoja. Vitambaa vyenyewe sisi wa Mombasa twaviita leso, neno la Wareno la kitambaa cha mkono, maana mwanzo wanawake walikuwa wakiunga vitambaa hivyo vipande sita. "Kanga" lilikuja kwa sababu mitindo ya awali ilikuwa na vitone vyeupe juu ya weusi, kama ndege huyu. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa na mamangu, aliyekuwa hakosi Barabara ya Biashara kila leso mpya ikitoka.

#40 Nyota_ya_Tudor
Mimi nimeambiwa ni kwa ajili ya kelele. Wanawake wakivaa leso mpya wakakutana, ni kama kundi la kanga. Na aliyeniambia alikuwa mwanamume, kwa hiyo niliipuuza.

#41 MwalimuMstaafu
Wako wasemao latokana na kitenzi cha zamani cha Kibantu, kukanga, maana yake kufunga au kufunika. Hapo ndege hahusiki kabisa.

#42 AmiWaMakadara
Mwalimu, jina la ndege limeenea bara zima, na kitambaa ni cha karne ya 19 mwishoni. Nani alimkopa nani?

#43 MwalimuMstaafu
Kitenzi nacho ni cha zamani, Ami. Wazee wawili twaweza kuitwa jina moja bila kuwa ndugu.

#44 MdigoWaMatuga
Na kororo je, jina lake? Mimi nasema ni mlio. Wakishtuka hutoa "krrr-krrr-korrr" kama pikipiki iliyokosa petroli.

#45 SalumWaLindi
Au ni kukoroma.

#46 JiraniWaKisauni
Samahani natoka nje kidogo. Kwani hawa wafugwa? Nataka kununua makinda ya kororo, ya kanga nimechoka nayo.

#47 WaHolaDaima
Usiguse wa msituni ndugu yangu. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya 1977, na ndege wa porini kufuga kwataka leseni ya KWS, lile shirika la wanyamapori. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haina mchezo, faini yake utauza shamba.

#48 JiraniWaKisauni
Leseni naijua, nimechomeka nayo. Mwaka 2014 wakati wa wazimu wa mayai ya kwale nilitia akiba yote. Nikajenga vizimba, nikafuatilia karatasi ofisini wiki tano, "rudi Jumatatu, rudi Alhamisi". Siku napata karatasi, bei ya mayai iko chini, kila nyumba ina kwale, mnunuzi hakuna. Tulikula mayai madogo yale asubuhi, mchana, usiku. Mtoto wangu mpaka leo akiona yai lenye madoa anakimbia.

#49 DarubiniMbovu
Pole sana. Na hao hata hawakuwa kwale! Walikuwa tombo. Kwale ni yule mkubwa wa vichakani anayelia alfajiri, tombo ni yule mdogo wa kwenye vizimba. Nchi nzima ilifilisika kwa jina lisilo lake.

#50 JiraniWaKisauni
Nashukuru, sasa nimefilisika kwa usahihi.

#51 AmiWaMakadara
Maneno mengi, hakuna aliyetaja chungu. Kanga mzee ni mgumu, achemshwe kwanza na tangawizi na ndimu mpaka alegee, halafu tui zito mwishoni. Mkitia tui mapema mtakula kamba kwenye mchuzi.

#52 BiKanga_Bamburi
Wangu wana majina, Ami. Usiniletee chungu hapa.

#53 MtotoWaKibokoni
Shukrani wadau. Nimemsomea mzee uzi mpaka #37. Amesikiliza kimya, akaniuliza, "Huyo Darubini amewahi kumshika kororo mkononi?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Mimi nimewahi, 1968, kule Marere, na alikuwa dume." Nikamuuliza alijuaje ni dume. Akasema alikuwa na nywele.

Jumamosi tunarudi Shimba. Simu nitashika mimi.

#54 DarubiniMbovu
Mpige picha usoni na shingoni, tuone kola. Na ukimuona kima, simama.

#55 MvuviWaTudorCreek
Sijasoma uzi wote, ni mrefu, lakini kwa ufupi hao ni kanga madume. Majike hawana nywele.

#56 MtotoWaKibokoni
Mzee, ni wewe?